Alipoacha Chakula cha Moto

Mume wangu aliacha kula chakula kilichopikwa bila kugombana na mimi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tungegombana, majirani wangesikia, wangejua sababu, na hadithi ingeishia kwenye kicheko. Lakini aliacha kimyakimya. Kwetu Rusizi, ng'ambo ya mpaka na Bukavu, mwanamume akiacha kimyakimya kula kwa mkewe anatangaza jambo moja tu, hata kama hajafungua mdomo: anauogopa mkono wa mwanamke huyo.

Na mimi ninaishi kwa mkono huo. Nauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, na ndizi za kuchemsha karibu na mpaka, upande wetu, pale akina mama wanaovuka kwenda Bukavu na wanaotoka huko wanapotua mizigo. Sambaza wanatoka kisiwa cha Nkombo alfajiri, bado wanang'aa, na kabla jua halijapanda mafuta yangu yameshachemka. Anayekula kwangu amenikabidhi roho yake. Kila muuza chakula analijua hilo, ila hatulisemi, kwa sababu likisemwa tu mteja anatazama sahani yake upya.

Yeye ni fundi cherehani, anashona masuti ya harusi pale Kamembe. Alikuwa mtu wa kitambi na kelele, na kila mchana alishuka kuja kula kwangu mbele za watu, akisifia pilipili yangu kama vile ameioa yenyewe. Kisha akapimwa, akakutwa na ugonjwa wa sukari. Kituo cha afya kilimpa vidonge na maneno ya kutosha kuhusu ugali na soda. Vidonge alimeza. Maneno yalimkera.

Ndipo akapata mwalimu. Mwalimu huyo alikuwa Bukavu, sikuwahi kumwona uso, nilimjua kwa sauti tu, maana alituma mafundisho kwenye simu na mume wangu akayasikiliza huku anakanyaga cherehani. Sauti yake ilikuwa ya upole mno. Alisema moto unaua chakula, na anayekula kilichokufa anakufa kidogo kidogo. Alisema mgonjwa wa sukari akila vibichi tupu, na akatupa vidonge, mwili utakumbuka ulivyoumbwa.

"Na mimi ninayeuza vilivyokufa?" nikamuuliza mume wangu.

Alicheka. "Maman, nipe muda kidogo tu. Lakini usiambie muntu. Batasema niko nakula kama mbuzi."

Nikaahidi, kwa sababu niliona ni mchezo wa wiki moja. Mtu aliyelelewa Bukavu kwa ugali na samaki atakaa na kabichi mbichi mpaka lini? Sikumjua vizuri, kumbe.

Siku za kwanza zilikuwa za tumbo. Lilijaa upepo, likanguruma kanisani wakati wa maombi ya kimya, na wanakwaya wakainamisha vichwa kuficha meno. Kisha akaanza kuotesha maharage. Aliyaloweka, akayaacha yachipue, akayatafuna hivyo hivyo pamoja na mtama uliochipua. Maharage mabichi hayana huruma. Alitapika mpaka akashika ukuta, na nyumba zetu zinavyobanana, jirani alisikia kila kitu. Akamwandikia mwalimu. Mwalimu akajibu kwa ile sauti yake kwamba ni uchafu wa miaka unatoka, avumilie. Aliacha maharage, mtama akaendelea nao.

Mtama huo aliuotesha chini ya kitanda chetu, ndani ya gunia lililoloweshwa. Jikoni hakutaka, wageni wangeuona. Asubuhi moja nilinyoosha mkono kutafuta kandambili, vidole vikaingia kwenye kitu chenye majimaji, na kilikuwa na joto. Niliinama nikatazama. Machipukizi yalikuwa yametoboa gunia. Hayakuwa na rangi, meupe tupu, na yote yamepindia upande mmoja, upande wa mlango, kulikokuwa na mwanga kidogo. Tulikuwa tumelala juu ya kitu hicho usiku kucha. Nilinawa mikono mara kadhaa, na siku nzima nikihudumia wateja nililisikia lile joto vidoleni.

Baada ya hapo baridi ikaingia ndani yake. Mikono ikawa ya baridi, miguu ikawa ya baridi, na alipogeuka kitandani niliamka. Alijifunika blanketi juani. Nyumba yetu iliyozoea kelele zake ikabaki na sauti moja, ya kutafuna: karoti, kabichi, mtama, taratibu, bila kukoma, maana chakula kibichi kinatafunwa kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Nilikuwa nikifika mlangoni nikaisikia, nikasimama nje kidogo kabla ya kuingia. Sijui nilikuwa nangoja nini.

Kitambi kikaisha. Akafurahi, akazipunguza suruali zake mwenyewe kwenye cherehani. Akazipunguza tena. Koti lake la kanisani hakulipunguza, likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na kuna siku nililitazama nikaona ni la mtu mwingine kabisa, mtu mnene aliyewahi kuishi hapa kwetu.

Pale mpakani hakuja tena. Mwanzoni nilisema ana kazi nyingi. Kisha mteja wangu mmoja wa Bukavu, mama anayeuza vitenge, akanyanyua kichwa kutoka kwenye sahani.

"Maman, bwana yako hakulake tena hapa?"

"Anakula nyumbani."

"Mmh. Juzi nilimuona ku duka yake. Amekonda sana."

Alimaliza samaki wake, akalipa, akanawa mikono kwa muda mrefu. Kesho yake alikula kwa mwenzangu wa upande wa pili wa barabara. Baada yake wakahama wengine. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimia vizuri, waliuliza habari za watoto wetu walio shule ya bweni, kisha wakapita. Ningeweza kusema neno moja, kabichi, na kila kitu kingeisha. Lakini nilikuwa nimeahidi, na nilikuwa na hasira pia. Nilisema moyoni: aseme yeye. Ni mdomo wake, ni kabichi yake.

Mchana mmoja mvua ilinifukuza, nikafunga mapema. Nilimkuta amekaa sebuleni kwenye kiti, pazia limefungwa, jasho linamtoka na huku anatetemeka. Mezani palikuwa na ndizi mbivu aliyoimenya nusu.

Alinitazama kwa adabu, kama anavyowatazama wateja wapya dukani. "Unatafuta nani?"

Nilidhani ni utani. Nikamwambia, Papa, ni mimi. Akatikisa kichwa polepole, akaanza kusema Kimashi, lugha ya vijiji vya huko Bukavu. Mimi nilikulia Bukavu mjini, Kimashi sikijui ila salamu. Yeye alilelewa utotoni na mama mmoja aliyetoka Walungu, vijijini, lakini miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akiitumia lugha hiyo. Sasa ilimtoka kwa sauti nyembamba ya mtoto. Aliongea, akanyamaza, akasikiliza, akajibu. Hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anatazama nyuma ya bega langu.

Sikugeuka. Hilo ndilo nalikumbuka zaidi, kwamba nilishindwa kugeuka ndani ya nyumba yangu mwenyewe mchana. Nilichukua ile ndizi nikamtia mkononi, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu ilitaka kazi. Akala. Mvua ilipopungua alikuwa ameacha kutetemeka.

"Umerudi mapema," akasema.

Hakukumbuka chochote. Nilimburuta mpaka kituo cha afya, na huko ndipo nilipojua kuwa mume wangu hakumwamini mtu yeyote kikamilifu. Mwalimu alikuwa amemwambia atupe vidonge, naye alimjibu ameshatupa. Alikuwa bado anavimeza kwa siri. Muuguzi alipomuuliza kama anakula vizuri, akajibu anakula vizuri sana. Nikasema pale pale kwamba hali kitu ila majani na mtama.

Muuguzi aliweka kalamu chini. Alinieleza mimi, maana aliona yeye hasikii. Vidonge vile vinashusha sukari. Mtu akivimeza bila chakula cha kutosha, sukari inashuka kupita kiasi, na kichwa kinapotea. Akianza jasho baridi na maneno yasiyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpe sukari haraka. Usingoje. Akizimia kabisa usimtie kitu mdomoni, mlete hapa. Tena akamwambia arudi ili daktari amuone, vidonge vipangwe upya, na ale.

Alirudi nyumbani ameshika karatasi ya vipimo kwa furaha. Namba zilikuwa zimeshuka. "Unaona? Vibichi biko natumika." Nikamwambia kinachofanya kazi ni kidonge, na kesho kitamzika. Tuligombana hatimaye, lakini kwa sauti ya chini, ya watu wenye siri. Aliahidi kurudi kwa daktari. Hakurudi. Mimi nikaanza kutembea na sukari iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni, ndani ya sidiria.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama mkwe wangu alifika kutoka Nyakabuye na kaka mkubwa wa mume wangu. Hawakupiga simu kwanza. Mama mkwe alikuwa na termosi ya uji na kikapu cha chakula kilichofunikwa kwa kitambaa. Nilipika wali na maharage kwa sababu ndivyo ninavyojua kupokea wageni, nikaweka mezani, na chakula kikapoa hapo hapo huku nzi wanakitembelea. Hakuna aliyekigusa. Mume wangu hakukigusa kwa sababu kilipikwa. Wao hawakukigusa kwa sababu yeye hakukigusa.

Mama mkwe alikuwa anatazama vidole vyangu. Huku kwetu watu wanasema sumu inakaa chini ya ukucha, anayekupa kinywaji anatumbukiza kidole gumba kidogo tu, basi.

"Kucha ulikata siku gani?" akaniuliza.

"Jana, Mama. Nakata kila Jumamosi, juu ya kazi."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona kwamba swali lile halikuwa na jibu zuri. Kucha ndefu ni ushahidi, kucha fupi ni za mtu aliyeficha ushahidi.

Akainuka, akaomba fagio. Nilimwambia apumzike, akasema mama hashindwi kufagia nyumba ya mwana wake. Alifagia sebule, akaingia chumbani. Fagio likakoma.

"Kuyeni," akaita, bila kupandisha sauti.

Tulikwenda wote. Alikuwa amevuta gunia mpaka katikati ya chumba. Mume wangu alikuwa amelisahau kwa siku kadhaa, na mtama ulikuwa umerefuka, mweupe, umelala wote upande mmoja kama nywele za mzee zilizochanwa. Harufu ilikuwa ya udongo uliofukuliwa. Kaka mtu alirudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Hii iko nini?" Mama mkwe aliniuliza mimi, hakumuuliza mwanawe. "Unapanda nini chini ya kitanda ya mwana wangu? Ni nani uko nazika hapa?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshika fremu ya mlango. Neno lilikuwa lake, na hata mtoto angeweza kulisema: ni wangu, ni chakula changu. Aliangalia magoti yake. Niliona tone la jasho kwenye paji, na mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa aibu au kama sukari ilikuwa imeshaanza kuondoka naye. Nimejaribu kuchagua moja. Kuna siku nachagua hili, kuna siku lile.

"Papa, sema," nikamwambia.

Alisema. Alisema Kimashi, kwa ile sauti nyembamba.

Mama mkwe alishika kifua. Alikijua Kimashi, miaka ya ukimbizi kule Bukavu ilimfundisha, na aliijua hata sauti ile, ya mwanawe alipokuwa mtoto. Mwanawe aliongea, akaninyoshea kidole, akaongea tena, kisha akateleza taratibu mpaka sakafuni, mgongo ukutani.

"Anasema nini?" nikauliza.

Kaka mtu ndiye aliyenijibu, macho yake yakiwa kwenye gunia. "Anasema weye hauko muke yake. Anasema muke yake alishaenda, na kama haujui uulize ule mama mwenye kusimama nyuma yako."

Safari hii niligeuka. Palikuwa na koti lake kwenye msumari, basi. Lakini wote wawili walikuwa wamegeuka pamoja nami.

Kisha nikakumbuka muuguzi. Nilitoa ule mfuko kifuani, nikaufungua kwa meno, nikamimina sukari kiganjani, nikapiga magoti mbele yake. Na hapo nikajiona kama wao walivyoniona: mwanamke aliyetoa unga mweupe kwenye nguo za ndani, anaupeleka mdomoni kwa mtu anayekufa.

Mama mkwe alinidaka mkono. Sikujua kwamba mzee yule ana nguvu hizo. "Usimuwekee kintu mu kinywa."

"Ni sukari, Mama. Sukari yake imeshuka. Muuguzi wa ku santé ndiye alinieleza."

"Muntu wa sukari unamupa sukari?"

Ukisikia hivyo, hata mimi ningekataa. Ni maneno ya muuaji asiye na akili. Nilieleza kuhusu vidonge, kabichi, mwalimu wa Bukavu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kunuka uongo. Macho ya mume wangu yalikuwa yanapanda juu, yanabaki meupe. Bado alikuwa anameza mate, niliona. Nilikuwa nalia sasa, kwa hasira kuliko huzuni. Miaka yangu yote na huyu mtu, na anafia mbele yangu kwa kukosa kitu kinachouzwa kila kona.

"Basi mpe wewe," nikamwambia mama mkwe. "Usichukue kwangu. Shemeji aende ku duka, alete ya pakiti, ufungue mwenyewe. Mimi nitasimama kule. Lakini haraka, Mama. Nakuomba."

Sijui ni neno lipi lilimwingia. Nadhani ni lile la kusimama kule. Kaka mtu alikimbia. Mimi nikasimama mlangoni, mikono juu ya kichwa ili waione, kama mwizi. Kaka mtu aliporudi, mama mkwe alipasua pakiti, akachota kwa vidole vyake, akampaka mwanawe ndani ya shavu, kidogo, tena kidogo, huku anasali. Sukari yangu ilikuwa imeloa jasho na kuganda kiganjani. Sikujua nifute wapi. Nikailamba. Mama mkwe alisimamisha sala akanitazama muda mrefu, akingoja nianguke.

Mume wangu alipozinduka, alizinduka kama kawaida yake, kama mtu aliyesinzia kwenye benchi. Aliona uso wa mama yake, na mkono wa mama yake, na vidole vyenye sukari.

"Mama," akasema.

Walimshukuru Mungu kwa wimbo. Mimi sikuimba. Mume wangu alikuwa amepona mbele ya mashahidi, kwa mkono wa mama, baada ya mkono wa mke kuzuiwa. Jioni hiyo hadithi ilikuwa imeshafika mpakani. Gunia walilichoma uani, lilikuwa bichi, likatoa moshi mzito uliokaa chini chini mpaka tukalala.

Walimpeleka hospitali kesho yake, vidonge vikapangwa upya, akatakiwa kula chakula kilichopikwa, kwa kipimo, na mboga zake zibaki pembeni ya sahani. Akakubali. Alikuwa ameogopa. Alikaa Nyakabuye kwa mama yake mpaka mashavu yakarudi. Huko alisema ukweli wote, kabichi, mtama, mwalimu, uongo wake kwa mwalimu na kwa muuguzi. Namwamini, alisema. Lakini walimsikiliza jinsi mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Kaka yake alimwambia mtu mwenye akili timamu hawezi kutafuna kabichi mbichi miezi yote hiyo kwa hiari yake, basi kuna aliyemfunga akili. Na tunajua ni nani anayelala naye.

Mimi niliendelea kukaanga sambaza ambao hawakununuliwa. Niliwagawa kwa wabeba mizigo, hata wao wakaanza kusema wameshiba. Nilifikiria kuhama, kwenda kuuza mbali ambako hawanijui, labda Bugarama. Siku aliporudi nyumbani nilimwambia wazi: ulinipaka matope kwa mdomo uliofungwa, sasa nisafishe kwa mdomo huo huo, mbele za watu, pale pale mpakani.

Alikuja siku ya soko. Alikuwa amevaa lile koti, bado pana mabegani. Palikuwa na wateja wachache tu, yule mama wa vitenge akiwa mmoja wao, amekuja kwa udadisi nadhani, ameomba sahani ndogo. Mume wangu akasalimia kwa sauti yake ya zamani, akaketi benchi moja naye. Wanawake wa upande wa pili waliacha kupepea mikaa yao. Nilipakua ndizi na sambaza kutoka sufuria moja, nikampa yule mama, nikampa yeye.

Alishukuru. Akaomba pilipili, nikampa. Akaomba maji ya kunawa ingawa alikuwa ameshanawa. Akamuuliza yule mama bei ya vitenge imefika wapi huko Bukavu. Yule mama akamjibu huku anatia samaki mdomoni, akatafuna, akameza, akachukua mwingine. Hapo ndipo mume wangu alipopeleka mkono kwenye sahani yake.

Kisha akala vizuri. Alimaliza yote, akaomba aongezwe, akaisifia pilipili mpaka wale wa upande wa pili wakacheka, na kabla ya jioni sufuria yangu ilikuwa tupu. Wateja wamerudi, biashara inaenda. Sikumwambia kitu, naye nadhani hajui kama nilimwona akingoja. Ila siku hizi, kila jioni, mimi hupakua changu kwanza, nikaketi, nikaanza kula, halafu ndipo namwita mezani.